Waliobishana na Sinema

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Kabla ya mapambazuko ya siku iliyofuata Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wameanza kutiwa mbaroni, na haukupita muda mrefu misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikageuka uwanja wa vita vya kupinga ukoloni. Mwezi uliofuata walitua Afrika Mashariki wageni wa aina nyingine: Clark Gable, Ava Gardner, Grace Kelly na mwongozaji John Ford. Walikuja kutengeneza filamu ya Mogambo. Ilipotoka mwaka 1953, iliionyesha dunia Afrika Mashariki ya mahema, masokwe na wivu wa mapenzi ya Wazungu. Moto uliokuwa ukiwaka Nyeri haukuonekana ndani yake.

Hadithi ya sinema katika miji ya Mlima Kenya husimuliwa mara nyingi kwa kuwataja wageni kama hao: nani alipigia picha wapi, nani alilala hoteli ipi. Mimi nataka kuisimulia kutoka upande wa waliokaa chini wakatazama. Anayepita Skuta jioni, hapa Nyeri, akawasikia vijana wakibishana juu ya filamu ya jana, anasikia mabishano yaliyoanzishwa na babu zao. Na chini ya mabishano hayo yote limelala swali moja: ikiwa picha zimetoka kwingine, sauti ya kuzieleza itakuwa ya nani?

Sauti kando ya lori

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York. Waliousimamia ni Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa amesimamia elimu ya Waafrika Northern Rhodesia. Kufikia mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 juu ya kilimo, afya, kodi, akiba ya posta na hatari za mjini. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, yakachezwa kando ya projekta huku lori lao likizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia.

Hapo ndipo jambo letu linapoanzia. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki walikutana na sinema ambayo picha na sauti vilikuja mbalimbali. Picha ilikuwa kwenye kitambaa, sauti ilitoka pembeni, na mwenye sauti ndiye aliyeamua picha ina maana gani. Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwaka 1939, London iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, na mtindo huo ukaenea zaidi. Gari la sinema lilifika sokoni au kwenye uwanja wa shule, kitambaa kikatundikwa, na mkalimani akasimama na kipaza sauti kuieleza filamu kwa lugha ya mahali. Sellers aliamini kwamba jicho la Mwafrika haliwezi kufuata picha za haraka. Akataka filamu za kwenda polepole, zisizo na miruko wala ujanja wa kamera, kila tendo lionyeshwe tangu mwanzo hadi mwisho.

Watazamaji walimpinga kwa vitendo. Kule Copperbelt, Northern Rhodesia, wachimba migodi na vijana wao walizipenda filamu za kauboi kuliko filamu zote za mafunzo, wakampa kila kauboi jina moja, Jack, wakamshangilia na kumwelekeza kwa sauti kubwa. Filamu hizo zilikwenda mbio kuliko chochote ambacho Sellers angekubali, na hakuna aliyepotea njia. Askari wa King's African Rifles, wakiwamo vijana wengi wa Nyeri, nao waliona sinema katika kambi za jeshi wakati wa vita. Walirudi nyumbani wakijua kwamba ulimwengu wa filamu ni mpana kuliko somo la choo na samadi.

Serikali ya kikoloni ilijua kwamba watu hawa hawatazami kama watoto, ndiyo maana ikawawekea wakaguzi. Sheria ya kudhibiti maonyesho ya sinema ilikuwapo tangu mwaka 1912, na filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu ikakatazwa kwa Waafrika. Kilichoogopwa ni maoni ambayo mtazamaji angeondoka nayo: kumwona Mzungu akiiba, akilewa, akipigwa, kisha kwenda kulizungumza jambo hilo na jirani.

Vita vya mlimani machoni pa wageni

Mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walianza kuhamishiwa katika vijiji vya lazima, vilivyozungushiwa handaki na seng'enge. Magari ya sinema ya serikali yaliwafuata huko. Kipaza sauti kile kile kilichokuwa kikieleza jinsi ya kupanda miti sasa kilieleza kwa nini watu wawakatae wapiganaji wa msituni, ambao ni watoto wao wenyewe. Sauti ya sinema haikuwahi kuwa mbali na mtazamaji kama ilivyokuwa siku hizo.

Wakati huo huo studio za nje ziligundua kwamba vita vyetu vinauzika. Mwaka 1955 Waingereza walitoa Simba, iliyoigizwa na Dirk Bogarde. Mandhari yalipigwa Kenya, lakini kazi kubwa ya waigizaji ilifanyika katika studio za Pinewood, Uingereza. Mwaka 1956 ikaja Safari ya Victor Mature. Mwaka 1957 ikaja Something of Value ya Richard Brooks, ambamo Rock Hudson ni mtoto wa mlowezi na Sidney Poitier ni Kimani, rafiki yake wa utotoni anayeingia msituni. Poitier aliucheza uhusika huo kwa uzito unaostahili heshima hata leo. Lakini tazama tarehe: Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka ule ule aliouawa, dunia iliingia sinema kumtazama mpiganaji wa kubuniwa aliyeandikwa na wengine, na maelfu ya watu ambao wangeweza kusema kama filamu ile ina ukweli au haina walikuwa bado kizuizini Manyani, Mwea na kwingineko.

Amani iliporudi, wageni waliupenda mlima zaidi. Mwaka 1959 mwigizaji William Holden na washirika wake walianzisha Mount Kenya Safari Club nje ya Nanyuki, na jina la Hollywood likakaa karibu na mashamba ya ngano. Holden mwenyewe aliigiza katika The Lion, iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 1962. Kisha ikaja Born Free, iliyopigwa karibu na Naro Moru na kutoka mwaka 1966, Virginia McKenna na Bill Travers wakiigiza kama Joy na George Adamson. Muziki wa John Barry uliipatia filamu hiyo tuzo mbili za Oscar. Wenyeji walipata vibarua, na simba wakapata majina. Katika filamu hizo Mlima Kenya ni pazia la nyuma, na mtu wa mlimani hupita mbele ya kamera akiwa amebeba kitu.

Siwalaumu waliozipenda. Born Free imewafanya watu wengi duniani wajali wanyama wa porini, na hilo ni jema. Ninachosema ni kwamba mtu wa Nyeri aliyetaka kujiona kwenye kitambaa, akisema na kutenda kwa hiari yake, alilazimika kutafuta kwingine. Alikopata kulikuwa mbali kuliko wengi walivyotarajia: Hong Kong, Bombay, na filamu za Marekani ambazo wakosoaji wa magazeti makubwa hawakuzithamini.

Vibanda vya video

Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, kabla ya Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa. Umaarufu wake ukazidi baada ya kifo, na katika miji yetu vijana walijifunza kurusha teke kabla ya kujua Hong Kong iko wapi. Nyuma yake zikaja filamu za Shaolin, Jackie Chan wa Drunken Master mwaka 1978, na filamu za Kihindi kama Sholay ya mwaka 1975, ambayo jambazi wake, Gabbar Singh, alikumbukwa hata na watu wasiojua neno moja la Kihindi.

Kanda za VHS zilipoenea miaka ya 1980, sinema ilitoka kwenye majumba makubwa ikaingia vibandani. Kilichohitajika ni televisheni, deki, mabenchi, na jenereta pale ambapo umeme haukufika. Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, karibu na stendi na soko, ubao uliandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo, na sauti ya risasi ikasikika hadi barabarani ili kumvuta mpita njia. Commando ya Arnold Schwarzenegger, Rambo wa Sylvester Stallone, Missing in Action ya Chuck Norris, American Ninja, Bloodsport ya Van Damme: haya ndiyo yaliyokuwa masomo ya wakati ule.

Humo vibandani ndimo ukosoaji wa filamu wa mlimani ulipokomaa, nami nasema ukosoaji kwa maana yake kamili. Watazamaji walikuwa na vigezo. Staringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, hilo lilijulikana, kwa hiyo hakuna aliyelipa ili ajue kama atapona. Walilipa kuona atateswa kiasi gani kabla ya kuamka. Adui alipaswa kuwa na uwezo, maana staringi anayewashinda wanyonge hana sifa. Chanzo cha ugomvi kilipaswa kuwa cha haki: mwalimu ameuawa, ndugu ameuawa, binti ametekwa. Filamu iliyokosa hayo iliitwa ya uongo, hata kama ilikuwa na magari mengi ya kulipuka. Na baada ya onyesho mtu aliyeiona alikuwa na wajibu wa kuwasimulia wasiokuwa na senti za kuingia, tendo kwa tendo, kwa mikono na midomo, akiongeza pale ambapo filamu ilikuwa imelegea.

Filamu mbili zinanionyesha vizuri zaidi watu wetu walikuwa wakitafuta nini. Ya kwanza ni The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978. Sehemu kubwa ya filamu hiyo haina vita vya kweli, ni mafunzo tu. Kijana San Te anabeba maji, anagonga kengele, anaanguka, anarudia, chumba baada ya chumba, mpaka anamaliza vyote 35. Kisha anataka chumba cha 36, ambamo watu wa kawaida watafundishwa kujitetea dhidi ya watawala wanaowakandamiza. Naamini haikuwa bahati kwamba watu wa mlimani waliielewa mara moja. Hawa ndio watu ambao miaka ya 1930 walijijengea shule huru kwa michango yao, serikali ikazifunga wakati wa Hali ya Hatari. Elimu inayopatikana kwa jasho na kugeuzwa silaha ya mnyonge haikuhitaji mkalimani.

Ya pili ni Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, iliyotoka mwaka 1981 ikiwa imepigwa Kenya. Joseph Olita, Mkenya, alimwigiza Amin kwa namna ambayo waliomwona hawakuweza tena kuwatenganisha. Wakosoaji wa nje waliiona filamu ya damu na vitisho. Hapa ilitazamwa kama habari za jirani. Amin alikuwa ameangushwa mwaka 1979 tu, na mwaka 1976 alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni ya Uganda. Watu walibishana kipande kwa kipande: hili lilitokea, hili limeongezwa. Baada ya miaka mingi ya kuonyeshwa Afrika isiyo na siasa, walipata filamu ambayo wangeweza kuihoji kwa kumbukumbu zao wenyewe.

Lazima niseme pia kwamba vibanda vile vilikuwa vya wavulana na wanaume zaidi. Msichana aliyeonekana akitoka humo usiku alisemwa. Wanawake waliingia katika mabishano kwa mlango mwingine, sebuleni, kupitia filamu za Kihindi kama Nagina ya Sridevi, mwanamke anayegeuka nyoka, na baadaye kupitia filamu za Nigeria ambazo runinga ya Citizen ilizipa nafasi katika kipindi chake cha Afrosinema. Uchawi, mali ya ghafla, mama mkwe mkatili: filamu zilizodharauliwa kwa sauti mbovu na picha duni zilizua mijadala mikali juu ya ndoa na fedha kuliko mahubiri mengi. Wazazi na serikali walikuwa na hofu yao ya haki juu ya watoto waliotoroka shule kwenda vibandani na kuona yasiyowafaa. Maonyesho yalitakiwa kuwa na leseni kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na misako ikawa sehemu ya maisha ya mwenye kibanda.

Waliochukua kipaza sauti

Japani, enzi za filamu bubu, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Walisimama kando ya kitambaa, wakaigiza sauti zote, na wengine wakawa maarufu kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Filamu zilipopata sauti, kazi yao ikafa. Afrika Mashariki ilikwenda njia ya kinyume kabisa. Filamu za vibandani zilitufikia zikiwa na sauti tayari, nasi tukaona sauti hiyo haitoshi.

Dar es Salaam alisikika Lufufu, aliyezitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya kanda zenyewe. Kampala wakaja maveejay, akiwamo VJ Jingo, wakisimulia kwa Kiganda. Kenya ikampata DJ Afro, na hakuna sauti iliyofika mbali zaidi katika vibanda vya nchi hii. Kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng alieleza, alikejeli, aliwapa wahusika majina mapya, akawapeleka katika mitaa tunayoijua, akamwonya staringi kabla adui hajatokea. Filamu ya Hong Kong iliyokuwa imesahauliwa hata huko ilikotoka ilipata maisha ya pili kwa sababu yeye aliisemea. Wapo waliouliza kwanza kama filamu ina DJ kabla ya kuuliza inaitwaje.

Wengine wanasema kazi hii ni wizi wa mali ya watu, na ni kweli kwamba wenye filamu hawakulipwa. Hata hivyo ni lazima kutambua kilichotokea. Kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwa mkalimani wa serikali miaka ya 1940 na 1950 kilikuwa sasa mkononi mwa shabiki. Yale ambayo watazamaji walikuwa wakiyapaza kutoka mabenchini kwa nusu karne, ushauri, matusi, utani na hukumu, yalipandishwa juu ya kanda yakawa sehemu ya filamu yenyewe. Katika eneo letu Wakikuyu waliendelea mbele wakajitengenezea vichekesho vya video kwa lugha yao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 majina ya Machang'i na Kihenjo yalijulikana katika nyumba nyingi za mlimani.

Kutoka benchi hadi kamera

Waliokua katika ulimwengu huo sasa wanatengeneza filamu, na wameuweka ndani ya kazi zao waziwazi. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inaanza na Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, akiuza diski kijijini kwa kuigiza sehemu zote za filamu mwenyewe mbele ya wateja. Yeyote aliyewahi kusimuliwa filamu na mtu aliyeiona jana anamfahamu Mwas. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ina mtoto Jo wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayezipenda filamu za mapigano na mashujaa. Kijiji kizima, akiwamo kijana anayewaonyesha filamu, kinaamua kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Kanuni ya staringi inawekwa mbele ya kifo cha kweli, na jibu linalotolewa ni la jamii nzima.

Uganda, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno, na sauti ya VJ Emmie ikabaki ndani ya filamu ikicheka na kushangilia. Mashabiki wa filamu za mapigano Ulaya na Marekani wameipenda pamoja na sauti hiyo, na mwaka 2019 filamu yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Kelele za kibanda chetu zimekuwa mtindo wa sanaa ambao dunia inautafuta.

Naye Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya mwaka 2009 juu ya Afrika Mashariki ya baadaye iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo mwanamke aitwaye Asha anatoka nje ya mji uliofungwa ili aoteshe mche mmoja. Ilipigwa Afrika Kusini, lakini mtu wa Nyeri hawezi kuitazama bila kumkumbuka Wangari Maathai, mtetezi wa miti na mazingira, mzaliwa wa Ihithe huko Tetu, ambaye Kahiu alitengeneza filamu juu yake mwaka ule ule. Hapo mlima umeacha kuwa pazia la nyuma. Fikra zake zimeingia katika hadithi na kuisukuma.

Leo vibanda vingi vimefungwa. Simu na intaneti zimewapa vijana wa Skuta filamu nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo mwenye kibanda yeyote, na mabishano yamehamia kwenye vinyozi, steji za bodaboda na vibaraza vya maduka. Hayajapungua. Ninachokihofia ni upande wa kumbukumbu. Filamu za Hollywood zilizopigwa mlimani zimehifadhiwa vizuri, na yeyote anaweza kuitazama Mogambo leo jioni. Kanda za wasimulizi wetu zinaoza katika masanduku kwa sababu kisheria hazina mwenyewe anayethubutu kujitokeza, na wakalimani wa magari ya sinema wengi wamekwisha kufa bila kuulizwa walisema nini usiku ule watu walipokuwa wamezungukwa na seng'enge.

Nyaraka za Taifa, maktaba za vyuo vyetu na wanafunzi wa historia wana kazi hapa, na haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji kinasa sauti na subira ya kukaa na wazee. Aliyewahi kushika kipaza sauti kando ya lori, aliyekodisha kanda Karatina, aliyelinda mlango wa kibanda Nanyuki, mama aliyeijua Nagina kwa moyo: waulizwe walitazama nini, walisema nini, na kwa nini walikubali au kukataa. Majibu yao ndiyo historia ya sinema ya Mlima Kenya, na inapaswa kuandikwa sasa, wakati wenyewe wangali wanaweza kutusahihisha.